Mweso: bunduki ya kulinda nyumba inapoita vita mlangoni

Kijana wa Mweso anayetaka kujua kutumia bunduki hana uwanja wa raia wa kujifunzia. Njia iliyo karibu naye ni kundi lenye silaha. Huko anashikishwa AK ya zamani, anaonyeshwa namna ya kuifungua, kuisafisha na kufyatua, na mengine atayajifunza porini. Sababu anayotoa inajulikana na kila mkaaji wa Masisi na Walikale: anataka kulinda nyumba ya wazazi, shamba, mifugo na dada zake.

Sababu hiyo ina uzito. Mweso, katika usultani wa Bashali, iko kwenye barabara inayotoka Sake na Kitshanga kuelekea Kalembe na Pinga, na kila jeshi linalotaka kupita linapita hapo. Kitshanga ilianguka mikononi mwa M23 tarehe 26 Januari 2023. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Januari 2024, mabomu yaliyoanguka Mweso yaliua raia wasiopungua 19 na kujeruhi 27. Maelfu ya watu walikimbilia Hospitali Kuu ya Mweso, inayosaidiwa na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), wakalala humo na watoto wao. Oktoba 2024 mapigano makali yakafika Kalembe. Mtu aliyepita katika hayo hawezi kulaumiwa kwa kuwaza silaha. Swali ni kama silaha hiyo, ikiwa chini ya kitanda, inamlinda kweli.

Zoezi la kwingine

Kuna nchi ambako raia hufanya mazoezi ya kupiga risasi kwa ajili ya nyumba zao. Nchini Marekani, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2008 kwamba raia ana haki ya kuwa na bunduki nyumbani kwa kujitetea. Wanaofundisha mazoezi hayo wana utaratibu wao: kusanya watu wa nyumba katika chumba kimoja, washa taa, hakikisha unayemwona si mtoto wako, kaa nyuma ya kitu kigumu, usifuate mwizi nje, pigia polisi simu.

Utaratibu huo wote unaegemea hatua ya mwisho. Unadhani kwamba anayevunja mlango ni mwizi mmoja au wawili, wanaoogopa kukamatwa, na kwamba gari la polisi liko njiani. Bunduki inanunua dakika chache tu mpaka sheria ifike.

Katika vijiji vya Mweso mambo yamepinduka. Anayegonga mlango saa nane za usiku mara nyingi ana wenzake wameshazunguka nyumba, na nyuma yao kuna kamanda. Baba akimpiga mmoja, hakuna polisi atakayekuja kumsaidia. Watakaofika ni ndugu wa silaha wa yule aliyeanguka, na hawataishia katika nyumba moja. Kijiji kizima kinaweza kulipa risasi moja.

Ukuta wa mbao

Kuna jambo lingine ambalo mwenye bunduki mara nyingi halihesabu. Risasi ya AK inatoka kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde. Nyumba nyingi za kwetu ni za mbao, za udongo juu ya miti, au za turubai kwa waliohama. Vitu hivyo havizuii risasi. Anayefyatua gizani kuelekea mlangoni anaweza kumkosa adui na kumpata mtoto wa jirani anayelala upande wa pili wa kiambaza. Na silaha inayofichwa nyumbani inaonekana mapema na watoto, kwa sababu wao ndio wanaojua kila pembe ya nyumba.

Bei ya «lala salama»

Masisi na Walikale zimejaribu njia ya kujilinda kwa silaha muda mrefu. Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, kisha moto ukaenea Masisi. Tangu wakati huo karibu kila jamii imekuwa na vijana wake wenye silaha, na kila kundi limesema limezaliwa kulinda watu wake: Mai-Mai, APCLS, Nyatura, NDC-R. M23 nayo inadai inatetea Watutsi.

Kisha mlinzi anaanza kudai mshahara. Kodi inayotozwa majumbani imepata jina ambalo lingekuwa la kuchekesha kama lisingeumiza: «lala salama». Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika jinsi NDC-R ya Guidon ilivyolipisha kila mtu mzima faranga 1.000 kwa mwezi na kumpa jetoni ya kuonyesha vizuizini. Asiyekuwa na jetoni alikuwa mashakani. Bunduki iliyoingia kijijini kulinda nyumba ikageuka kuwa ile inayogonga mlango.

Sheria inasema nini

Tarehe 3 Novemba 2022, Rais Félix Tshisekedi aliwaita vijana wajiunge na jeshi na kuunda vikundi vya ulinzi. Mwaka 2023 ikaja sheria ya jeshi la akiba, na wapiganaji wengi wakaanza kuitwa Wazalendo. Wengi walielewa kwamba kushika silaha sasa ni halali. Lakini Katiba ya 2006, kifungu cha 190, bado inakataza kuunda wanamgambo au kuwa na vijana wenye silaha, na inaita kosa hilo uhaini mkubwa. Sheria ya silaha ya mwaka 1985 nayo inadai kibali kwa raia anayemiliki bunduki.

Sheria ya vita ina neno lake pia. Itifaki ya pili ya Geneva ya 1977 inamlinda raia mradi hashiriki moja kwa moja katika mapigano. Anayeshiriki anapoteza ulinzi huo kwa muda anaoshiriki. Na kwa askari anayeingia kijijini akitafuta maadui, bunduki inayokutwa chini ya kitanda inatosha kuwafanya wote wa nyumba hiyo washukiwe.

Mazoezi yanayofaa nyumba

Familia za huku tayari zina mazoezi yao, ingawa hakuna anayeyaita hivyo. Nani anabeba mtoto mdogo, nani anamshika bibi mkono. Kadi ya uchaguzi na vyeti vya watoto viko katika mfuko mmoja wa plastiki. Mahali pa kukutana pamepangwa, kama kanisa, shule au hospitali, ili aliyepotea ajue pa kwenda. Mtoto amefundishwa jina kamili la baba na mama, na namba ya simu. Milio ikianza, watu wanalala chini kabisa, mbali na mlango na dirisha, wala hawatoki kuchungulia. Baadaye hakuna anayegusa chuma kisichojulikana shambani.

Kwa wezi wa kawaida, filimbi na sufuria zimewahi kuamsha mitaa mizima ya Goma na Bukavu, na mwizi hukimbia akisikia watu wengi wako macho. Dhidi ya kikosi cha wapiganaji kelele hizo hazifai, na kila avenue inapaswa kupatana mapema ni lini zipigwe na ni lini watu wanyamaze na kuondoka.

Mazoezi haya hayarudishi shamba lililoporwa wala hayamwondoi mwenye silaha barabarani. Kazi hiyo ni ya yeyote anayeshika mamlaka Mweso, na wakaaji wana haki ya kumdai. Wanachoweza wao wenyewe ni kufika asubuhi wakihesabu watoto, na hesabu itimie.