Masisi na Walikale: Nyasi Juu, Msitu Chini

Ukitoka Goma kuelekea magharibi, kilomita 25 hivi za mwanzo unapita juu ya jiwe jeusi. Ni uji wa volkano uliopoa zamani kando ya Ziwa Kivu. Watu wamejenga juu yake, wamezungushia viwanja vyao kuta za mawe hayohayo, na maharagwe huota kwenye nyufa. Halafu ziwa linakomea Sake, mji mdogo wa soko, na mlima unaanza. Barabara inapinda na kupanda mpaka Mushaki, hewa inakuwa baridi, na mgeni aliyezoea kuisikia Kongo ikitajwa kwa misitu na mito anashangaa: mbele yake ni malisho. Vilima vya kijani vimefuatana mpaka macho yanachoka, nyasi ni fupi, ng'ombe wametawanyika kwenye miteremko, na huku na huku kuna uzio wa miti na nyumba ya mbao. Ndiyo maana Masisi imeitwa Uswisi ya Afrika.

Kwa Mtanzania, mfano wa karibu zaidi ni Njombe, kwa baridi yake, viazi vyake na maziwa yake. Tofauti ni kwamba Masisi ina miteremko mikali zaidi, na siku ya anga safi unaziona Nyamulagira na Nyiragongo upande wa mashariki, volkano mbili zilizo hai. Nyiragongo ilifumuka mara ya mwisho Mei 2021.

Wilaya hii, ambayo wenyewe huiita teritwari, ina eneo la kilomita za mraba 4,700 hivi. Jirani yake wa magharibi, Walikale, ina zaidi ya 23,000, na ndiyo kubwa kuliko zote katika jimbo la Kivu Kaskazini. Masisi imejaa watu, Walikale imejaa miti. Masisi inapanda kupita mita 2,000, Walikale inateremka mpaka karibu na mita 600, huko ambako mito yote inaelekea Lualaba. Ukizitembelea zote mbili utadhani umevuka mpaka wa nchi, ilhali ni majirani wanaogawana vijiji, masoko na, kwa bahati mbaya, vita.

Jambo la kwanza la kujua kuhusu Masisi ni kwamba inalisha wengine. Viazi mviringo, maharagwe, kabichi na nyama vinavyouzwa Goma hutoka huko, na zamani maharagwe na ng'ombe wa Masisi walifika mpaka Kinshasa. Mizigo mingi huteremka kwa chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedali wala injini. Kijana mmoja hupakia magunia kadhaa, hushika usukani na kuuachia mteremko ufanye kazi. Breki ni kipande cha tairi anachokikanyagia kwenye gurudumu la nyuma. Kupanda ni kusukuma, na anayesukuma hutokwa jasho hata asubuhi ya ukungu. Goma wamemjengea mtu wa chukudu sanamu katikati ya mji, na kwa maoni yangu ni heshima inayostahili kuliko sanamu nyingi za viongozi.

Jambo la pili ni jibini. Wenyeji husema ufundi huu waliupata kwa mapadre wa Kibelgiji, na leo ni kazi ya wafugaji wenyewe. Kiwandani, ambako mara nyingi ni nyumba ya mbao yenye vyumba viwili tu, maziwa ya asubuhi huchujwa kwa kitambaa, hupashwa moto wa kuni mpaka uvuguvugu, kisha hutiwa dawa ya kugandisha. Yakishashika, mtengenezaji huyakata kwa kisu kirefu, huacha maji yatoke, hupakia mgando kwenye vibati vya duara na kuukandamiza. Yale maji hupewa ndama au nguruwe. Jibini ikishajibana huzamishwa kwenye maji ya chumvi, halafu hupangwa kwenye rafu za mbao, ambako kila siku hugeuzwa na kufutwa mpaka ganda lake liwe la manjano. Hakuna jokofu. Baridi ya mlima inatosha. Gurudumu moja huwa na uzito wa kilo mbili au tatu, na ladha yake ni ya upole, yenye chumvi kidogo. Mgeni akiingia huitwa papa au mama, hukatiwa kipande kwa ncha ya kisu, na huangaliwa usoni anapotafuna.

Sababu ya jibini ni barabara. Maziwa hayasubiri, na kutoka Kilolirwe au Lushebere mpaka Goma mvua ikinyesha ni matope ya kufika magotini. Jibini husubiri. Hesabu hii waliipiga kitambo watu wa mabonde ya Alpi, yakiwemo ya Ticino, jimbo la Uswisi linalosema Kiitaliano. Kwetu tumeipata Njombe pia, ambako shirika la CEFA kutoka Bologna lilisaidia wafugaji kujenga kiwanda cha maziwa, na jibini za Kiitaliano hutengenezwa na mikono ya Kibena.

Kwa kuwa watu wanapenda kuifananisha Masisi na Uswisi, inafaa tuufuate mfano huo mpaka mwisho. Mabonde ya Ticino hayakuwa tajiri. Katika karne ya 19 wanaume wao walikimbilia California na Australia kutafuta riziki. Reli ya Gotthard iliyofunguliwa mwaka 1882 ilibadilisha mengi. Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichotangulia reli: malisho ya juu yalikuwa, na sehemu kubwa bado ni, mali ya jumuiya za wenyeji wa vijiji. Ng'ombe hupandishwa mwezi Juni, hushushwa Septemba, na kila ukoo unaijua haki yake. Nyasi za Masisi ni nzuri kama zile. Lililokosekana ni jibu la swali la nyasi hizi ni za nani.

Swali hilo lina historia. Wenyeji wa Masisi ni Wahunde, chini ya watawala wao wanaoitwa mwami. Wabelgiji waliiona ardhi hii ya juu kuwa nzuri kwa mashamba ya walowezi, wakahitaji vibarua. Kuanzia mwaka 1937 mpaka 1955 waliwahamisha Wanyarwanda wapatao 85,000, Wahutu na Watutsi, kutoka Rwanda iliyokuwa na watu wengi na njaa. Waliwapa utawala wao wenyewe huko Gishari, kisha wakaufuta mwaka 1957, wakaondoka miaka mitatu baadaye bila kumaliza walichokianza. Mwaka 1973 Mobutu alitangaza kuwa ardhi yote ni mali ya serikali, na mwaka huohuo mashamba ya walowezi yakagawiwa watu wenye majina makubwa. Mkulima aliyelima kwa ruhusa ya mwami alijikuta ndani ya uzio wa mtu mwenye hati. Malisho mengi yanayompendeza mgeni leo yalikuwa msitu au mashamba ya watu. Naona mwandishi anayesifia vilima bila kusema hivyo anamnyima msomaji nusu ya picha.

Vita vikubwa vya miaka ya tisini vilianzia upande wa pili, kwenye soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993, vikapanda Masisi na kuua maelfu. Kisha wakaja wakimbizi wa Rwanda wa mwaka 1994, na majeshi, na makundi yenye silaha. Ng'ombe karibu wote waliporwa au kuchinjwa. Makundi ya ng'ombe yanayoonekana sasa yamejengwa upya, dume kwa dume, yakichanganya damu ya Ankole na ile ya ng'ombe wa kahawia wa Uswisi na Frisian.

Masisi ina utajiri mwingine usiolisha ng'ombe. Huko Rubaya wachimbaji hutoboa mlima kwa sululu wakitafuta koltani, madini yanayoingia kwenye simu za dunia nzima. Waasi wa M23 waliuteka mji huo Aprili 2024.

Kuteremka Walikale ni kubadili kila kitu. Baada ya Nyabiondo baridi inakwisha, nyasi zinakwisha, na msitu unafunga njia. Chakula kinakuwa mihogo, ndizi, wali, samaki wa mtoni na sombe, yaani kisamvu, iliyotiwa mawese. Wakazi ni Wanyanga, Wakano na Wakumu. Msituni wako sokwe wakubwa wa nyanda za chini, wanaolindwa na hifadhi za Maiko na Kahuzi-Biega.

Wanyanga wameipa Afrika moja ya tenzi zake kuu. Mwaka 1956 mzee She-Karisi Rureke alisimulia, akaimba na kucheza kwa siku kadhaa habari za Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, akatupwa mtoni na baba yake ndani ya ngoma, akateremka kuzimu na kupandishwa mbinguni kabla ya kufaa kuwa mwami. Daniel Biebuyck na Mnyanga Kahombo Mateene waliichapisha mwaka 1969. Shule zetu zinazofundisha Liongo na Sundiata zingemweka Mwindo pembeni yao.

Barabara ya kutoka Sake mpaka Walikale kupitia Masisi haipitiki kwa gari kwa sehemu kubwa ya mwaka, hivyo kwa miaka mingi ndege ndogo zimekuwa zikitua Kilambo, kwenye kipande cha lami cha barabara kuu. Sabuni, chumvi na bia vilishuka, mifuko ya bati ikapanda. Bati hilo lilitoka Bisie, mlima ulio katikati ya msitu, ambako wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni kwa zaidi ya kilomita 40. Tangu mwaka 2019 kampuni ya Alphamin inachimba huko kwa mitambo, na mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000, karibu asilimia 6 ya bati la dunia. Machi 2025 M23, waliokuwa wameshaiteka Goma mwezi Januari, walifika mpaka Walikale mjini. Mgodi ulisimama, waasi wakaondoka mwanzoni mwa Aprili, na kazi ikaanza tena.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo kwa karatasi watu hawa ni wenzetu. Safari ya huko kwa sasa siwezi kumshauri mtu. Lakini watu wa Masisi wako karibu kuliko milima yao: wako Nakivale, Uganda, na wako Kiziba, Rwanda, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Vijana waliozaliwa Kiziba wamekua, wameoa na kupata watoto bila kuuona mlima wa Mushaki. Wazazi wao wanalijua kila shamba kwa jina la kilima chake. Siku ya kurudi wataulizwa hati, na wengi wao hawakuwahi kupewa yoyote.