Kulijua Ziwa Kivu Kabla ya Kutupa Mshipi

Mtu aliyezoea kuvua katika maji ya kwao, awe mwana wa Mwanza aliyekulia katika uvuvi wa sangara au mtu wa Kigoma ajuaye desturi za migebuka, afikapo Gisenyi, mji ambao katika taratibu za serikali ya Rwanda umo ndani ya wilaya ya Rubavu, na akasimama ufukweni akaliona Ziwa Kivu lilivyotanda mbele yake, aghalabu huvutwa na fikira moja, nayo ni kwamba maji mapana na yenye vilindi namna hii hayakosi samaki wakubwa huko chini, na kazi iliyobaki ni kutafuta mshipi mrefu na chubwi nzito. Katika maziwa mengine fikira hiyo yamkini isilaumiwe. Hapa haifai kitu.

Kina cha Kivu, pahali pake pa ndani kabisa, kinapita mita 480, ilhali hewa ambayo samaki hupumua haifiki mbali: zikisha kupita mita sitini au sabini hivi, maji yamekosa oksijeni, na kadiri yanavyozidi kushuka ndivyo yanavyojaa kaboni dayoksaidi na methani, gesi zilizotokana na volkano za nchi hii na kazi ya vijidudu vya vilindini, nazo zimefungika huko kwa sababu maji ya chini, kwa wingi wa chumvi na gesi yaliyobeba, ni mazito kuliko ya juu wala hayachanganyiki nayo. Methani hiyo ilianza kuvutwa Rubona, jirani na Gisenyi, mwaka 1963 kwa ajili ya kiwanda cha bia, na leo huendesha mitambo ya umeme huko Karongi. Kwa mvuvi maana yake ni dhahiri, kwamba sehemu kubwa ya ziwa hili adhimu ni maji yasiyo na mkaazi, na chubwi iliyozama mita mia imekwisha kuwapita samaki wote njiani.

Kwa hiyo mgeni wa ziwa lolote, kabla ya kuuliza chambo gani kinapendwa, naona ni akhiyari aulize kwanza samaki wanaweza kuishi wapi, kisha ni samaki gani. Hapa Kivu jawabu la swali la pili ni fupi. Milima ya volkano ya Virunga ilipoinuka iliziba njia ya maji kwenda kaskazini, na ziwa likajipatia mlango mwingine kusini, kwa mto Ruzizi uendao Tanganyika. Likabaki na aina chache za samaki, zisizofika hata thelathini. Sangara hamna, wala mamba na viboko hawamo. Hata sambaza, yule dagaa aliye riziki kuu ya wavuvi wa Gisenyi, si mwenyeji wa asili, bali aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akatiwa katika maji ya wazi ambayo hayakuwa na samaki wa kuyatumia, akastawi.

Sambaza hao mchana huteremka, na usiku hupanda juu kuwafuata viumbe wadogo mno wa majini ambao ndio chakula chao, na hapo ndipo wavuvi huwakuta. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti, na miti mingine mirefu ya mikaratusi ikachomoza mbele na nyuma hata chombo kizima kikafanana na panzi. Wavu hutandikwa baina yake na taa zikawashwa juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu, nuru ya taa hupungua nguvu na samaki hutawanyika, basi kuvua huwa kwa shida. Mgeni mwenye busara atakwenda ufukweni jioni vyombo vitokapo, huku wapiga makasia wakiimba, na tena alfajiri vinaporudi, awaamkie wazee kwa heshima na aangalie kilichomo chomboni. Jambo hilo litamfaa kuliko ndoana zote za dukani.

Mwenye mshipi na ndoana, hata hivyo, hana haja na sambaza. Wa kwake ni perege na kambare, nao hukaa kando. Na kwa kuwa kuta za ziwa hushuka wima mahali pengi, ukanda wa pwani wenye samaki hao ni mwembamba sana, na atupaye mshipi kwa nguvu zake zote kuelekea katikati huwa ameuvusha. Autupe sambamba na ufuko, penye mawe na majani, au karibu na mlango wa mto Sebeya, ambao mvua zikinyesha milimani huingia ziwani mwekundu kwa udongo. Siku kama hizo pa kujaribu ni ule mpaka ambapo maji ya tope hukutana na maji safi.

Zimebaki hadhari chache. Kwenye ardhi ya mawe ya volkano kuelekea Goma, mabondeni, hutuama gesi nzito iitwayo mazuku, nayo huua bila kuonekana, basi mtu asilale ovyo penye shimo. Mpaka wa Kongo hupita majini bila alama ionekanayo, na askari wa pande zote mbili huulinda. Nyavu za matundu madogo mno, zile za kaningini, ni haramu. Fauka ya hayo, kila mwaka serikali hulifunga ziwa kwa muda ili samaki wachanga wapate kukua, na ambaye safari yake imeangukia majira hayo itampasa aziache ndoana mkobani, atembee kutoka Rubona hadi mlango wa Sebeya akitazama mawe yalipo na mteremko unapoanzia, kwani kutazama hakuhitaji ruhusa ya mtu.