Sura ya Tano: Mita Tatu

Mpiga picha wa ridhaa anayeingia mtaani kwa mara ya kwanza huwa keshaumiza kichwa miezi mingi kuhusu kamera. Amelinganisha bei, amekariri idadi ya megapikseli, ameazima lenzi za watu. Atakaposimama hajapafikiria. Nami naona picha ya mjini huanzia hapo, kwenye umbali kati yako na mtu. Kifaa unakichagua baadaye, kwa kuufuata umbali huo.

Tupige hesabu kidogo. Chukua kamera ya fremu kamili yenye lenzi ya milimita 35, ilaze, kisha simama mita 3 kutoka kwa mtu. Fremu yako itachukua kimo cha mita 2 na upana wa mita 3 hivi. Mtu mzima ataenea kuanzia kandambili hadi kofia, na pembeni yake patabaki nafasi ya meza ya mitumba, mteja anayebishana bei na pua ya bajaji inayolazimisha kupita. Sasa mtake mtu huyohuyo aenee vilevile kwa lenzi ya milimita 200: itabidi urudi nyuma mpaka karibu mita 17. Katika Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, Dar es Salaam, mita 17 ni umati mzima pamoja na mkokoteni wa magunia. Na hata njia ikiwa nyeupe, aliye mbali namna hiyo huku ameelekeza bomba la lenzi kwa watu anaonekana anavizia. Wauzaji wa Kariakoo wamezoea kuchunga vibaka; watakuona kabla hujawaona.

Ndiyo maana kamera yangu ni ndogo, ya mtumba, na nimeifungia lenzi moja ya milimita 35 nisiyoibadilisha. Tundu la lenzi naliweka f/8, fokasi naifunga kwenye mita 3, basi chochote kilicho kati ya mita 2 na mita 7 hivi kinatoka bila ukungu. Kamera haina haja ya kutafuta fokasi wakati jambo linatokea. Kilichobaki ni miguu yangu kujua mita 3 ni wapi, na hilo mtu hujifunza nyumbani kwa futi ya fundi na kiti.

Kutobadilisha lenzi kuna faida nyingine: vumbi haliingii. Ila adui mkubwa wa kamera huku pwani ni kuvu. Unyevu wa Dar, Tanga au Mombasa ukikutana na giza la mkoba uliofungwa, ndani ya vioo vya lenzi huota nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na zikichelewa kusafishwa hula hata lile tabaka la rangi lililopakwa juu ya kioo. Mkoba mzuri wa ngozi ndio kitalu chenyewe. Nunua boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, tupia humo vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, ukivibadilisha mara kwa mara, na uitoe kamera nje uitumie. Kamera inayofanya kazi haioti kuvu kirahisi.

Kuhusu mwanga, vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa London, Paris na New York, na ushauri wake ni wa huko. London mwezi Desemba, jua la adhuhuri halifiki nyuzi 17 juu ya upeo. Limelala kutwa nzima, vivuli ni virefu, mpiga picha ana muda. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua letu likishachomoza linapanda karibu wima, nyuzi 15 hivi kwa saa, na miezi mingi inapofika saa tatu na ushei kivuli chako kinalingana na kimo chako. Mapema Machi, na tena Oktoba, adhuhuri linapita utosini kabisa. Ule mwanga wa dhahabu unaosifiwa vitabuni hapa hauzidi dakika 60 asubuhi na dakika 60 jioni. Anayeusubiri anaukosa mji, maana biashara iko mchana.

Mchana, basi, tafuta kivuli. Jua likipiga ukuta mweupe upande wa pili wa mtaa, baraza iliyouelekea hupata mwanga laini wa kurudishwa, na nyuso hutulia. Chini ya miavuli ya wamachinga kuna mwanga wa namna yake: mwavuli mwekundu humtia mtu wekundu mpaka kwenye mboni. Angalia pia kanzu. Kamera ikiona nguo nyeupe imejaa fremu hudhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa mwenye kanzu unazama gizani. Ongeza mwanga kwa mkono wako, theluthi mbili za stopu hadi stopu nzima.

Watu walionifundisha kwa picha zao hawakuwa wa pwani. Vivian Maier alizaliwa New York mwaka 1926, akafanya kazi ya kulea watoto wa watu, zaidi Chicago, kwa miongo kadhaa. Siku za mapumziko, na hata akiwa na watoto hao, alizunguka mitaani na Rolleiflex shingoni. Kamera hiyo unaishika usawa wa tumbo na kuinamia kioo chake kwa juu, na filamu yake hutoa picha 12 tu. Ukitazama nyuso alizopiga utaona kwamba watu hawakutazamana na jicho lililozibwa na chuma. Walimwona mwanamke aliyeinamisha kichwa. Shata ya Rolleiflex nayo haina kishindo. Masanduku ya Maier yaliuzwa mnadani mwaka 2007 kwa sababu ya deni la stoo, akafariki 2009, na ndipo ulimwengu ukajua kuna negativu zaidi ya 100,000. Filamu nyingi hakuwahi hata kuzisafisha. Leo kamera nyingi zina kioo cha nyuma kinachokunjuka. Kikunjue, ishushe kamera tumboni, utapata adabu ileile ya Maier bila gharama ya filamu.

Saul Leiter ananivuruga hesabu zangu zote. Alikuwa mchoraji, akaanza kupiga picha za rangi New York mwaka 1948, wakati wenye majina waliona rangi ni ya matangazo ya biashara, na mara nyingi alitumia lenzi ndefu. Kwa kanuni yangu alikuwa mviziaji. Lakini picha zake hazina harufu ya wizi, na nadhani sababu ni kwamba kile kilichomtenga na mtu amekiacha ndani ya picha: kioo cha mgahawa kilichotota mvuke, theluji, ukingo wa mwavuli uliofunika nusu ya fremu. Umbali wenyewe unaonekana. Kwa hiyo sikatazi lenzi ndefu. Nakataa ile inayojifanya ilikuwa karibu.

Mita 3 ni umbali wa salamu, na salamu ni sehemu ya kazi. Kwenye baraza moja Kariakoo yupo fundi cherehani mwenye mwanga mzuri kuliko studio yoyote.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Umeleta kitambaa?”

“Hapana mzee, naomba picha. Hapo ulipo mwanga umekaa.”

“Mnatupiga, mnaenda kuuza Ulaya.”

“Hii ni yangu mwenyewe. Nitakuletea na wewe yako.”

“Haya, ngoja nimalize pindo.”

Picha niliyoitaka ni ya pindo hilo. Alipolimaliza akanyoosha kola na kujikaza kama anapigwa ya kitambulisho, nikapiga na hiyo kwa heshima. Ile ya mwanzo ndiyo ya kitabu. Ya kola ndiyo niliyosafisha saizi ya postikadi nikampelekea wiki iliyofuata, kwa kuwa ndiyo aliyoitambua kuwa yake. Ameibandika ukutani juu ya bei za kushona, na sasa wateja wake huniuliza paspoti napiga shilingi ngapi.