Je, Wajua? Usugu wa Dawa Hauanzii Hospitalini

Je, wajua kwamba anayezoea dawa si mwili wako? Mgonjwa akilalamika kwamba mwili wake umeshaizoea amoksilini, anamsingizia asiyehusika. Wenye usugu ni bakteria. Nao huweza kumhamia hata mtoto mchanga ambaye hajawahi kupewa tone la dawa.

Je, wajua kwamba usugu ni mkongwe kuliko dawa zenyewe? Mwaka 2012 watafiti walieleza habari za bakteria waliotolewa ndani ya pango la Lechuguilla, New Mexico, Marekani, mahali palipotengana na uso wa dunia kwa takriban miaka milioni 4. Wengi wao walihimili antibiotiki tunazozitumia leo. Ukungu na bakteria wa udongoni wamekuwa wakitiliana sumu tangu zamani, na antibiotiki zetu nyingi tumezichota humo humo vitani. Binadamu ameongeza kasi tu. Lakini kasi hiyo ina gharama: mwaka 2019 peke yake, inakadiriwa watu milioni 1.27 duniani waliuawa moja kwa moja na maambukizi sugu, na kiwango cha juu zaidi cha vifo kilikuwa Afrika Magharibi.

Je, wajua kwamba tulionywa mapema? Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitumia hotuba yake ya Nobel ya mwaka 1945 kutahadharisha kwamba siku itafika penisilini itauzwa madukani, mtu ajinunulie, ameze pungufu, na vijidudu vitoke hapo vikiwa na nguvu zaidi. Waulize wauzaji wa dawa mtaani kwenu kama siku hiyo imefika.

Je, wajua kwamba bakteria hawangoji kuzaa ili warithishane usugu? Huupitisha kwa jirani, hata asiye wa jamii yao, kupitia vipande vidogo vya DNA viitwavyo plasmidi. Wajapani walilionyesha hilo mwaka 1959, walipokuwa wakichunguza kuhara damu kulikokataa dawa kadhaa kwa mpigo. Sasa fikiria zile kapsuli za rangi mbili zinazomezwa kwa ajili ya mafua. Mafua ni virusi, na antibiotiki hiyo haivigusi. Inaowapata ni bakteria wa kawaida wa tumboni: walio dhaifu wanakufa, walio sugu wanabaki na nafasi tele, na akipita bakteria wa homa ya matumbo anaweza kugawiwa silaha bila jasho.

Je, wajua kwamba kuku walianza kulishwa antibiotiki bila kuumwa? Mwaka 1950 wanasayansi wa kampuni ya Lederle, Marekani, walitangaza kwamba kuku waliokula mabaki ya utengenezaji wa dawa ya Aureomycin walinenepa haraka. Biashara ikanoga. Dozi ndogo, kila siku, kwa maelfu ya wanyama waliobanana: ukitaka kuwazoeza bakteria dawa, hupati mpango mzuri zaidi ya huo. Sweden ilipiga marufuku mwaka 1986. Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku yake mwaka 2006.

Je, wajua kisa cha kolistini? Madaktari waliiweka kando miaka mingi kwa kuwa hudhuru figo, kisha wakairudia kama kimbilio la mwisho dawa nyingine ziliposhindwa. Wakati huo wote nguruwe wa China walikuwa wakiila kwenye pumba. Novemba 2015 ikatangazwa kwamba jeni ya usugu dhidi yake, mcr-1, imeonekana kwa nguruwe, kwenye nyama ya buchani na kwa wagonjwa wa hospitali, tena ikiwa juu ya plasmidi. China iliiondoa kolistini kwenye vyakula vya mifugo mwaka 2017.

Je, wajua kwamba kidonge si mshitakiwa pekee? Hapa ndipo wengi wetu tusipopatazama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulizifikia kaya 425 za Wamaasai, Waarusha na Wachaga kaskazini mwa Tanzania, ukachukua sampuli kwa watu, mifugo, mbwa, wanyamapori na maji. Bakteria sugu walikuwa kila mahali, na kwa mpangilio unaofanana. Matumizi ya antibiotiki kwa mifugo hayakuonekana kuongeza uwezekano wa kuwakuta bakteria hao. Kilichohusiana nao sana ni mazingira ya maisha yanayowasafirisha bakteria kutoka kiumbe mmoja hadi mwingine. Kwa maoni yangu, kampeni inayomkaripia mgonjwa kwa kutomaliza dozi, huku kijiji kizima kikinywa maji pamoja na ng'ombe, imeshika mkia.

Je, wajua kwamba dawa hafifu nayo huchangia? Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba bidhaa 1 kati ya 10 za tiba katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni duni au bandia. Mgonjwa anamaliza dozi kwa uaminifu, kumbe dozi yenyewe ni nusu.

Je, wajua kwamba maziwa yaliyogoma kuganda kuwa mtindi huenda yana dawa? Mabaki ya penisilini huwaua bakteria wanaogandisha maziwa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi mabaki yote ya dawa.

Na je, wajua kwamba inawezekana kurudi nyuma? Mwaka 1987 wafugaji wa samaki wa Norway walitumia karibu tani 50 za antibiotiki. Zikaja chanjo za samoni. Leo hawafikishi tani 1 kwa mwaka, ingawa samaki wameongezeka mara nyingi.

Nawe mfugaji, ukinunua OTC (antibiotiki ya oksitetrasiklini) kwenye duka la dawa za mifugo, usiondoke kabla ya kuuliza ni siku ngapi maziwa na nyama ya mnyama huyo visiliwe. Jibu lipo kwenye lebo. Muuzaji asipolijua, nenda duka jingine.