Mstari wa Rangi Juu ya Nati

Magari yapandayo kila asubuhi kutoka Arusha kwenda Karatu na Ngorongoro, na kuteremka hadi nyanda za Serengeti, mengi yake hayafanani tena na jinsi yalivyotoka kiwandani. Ni Land Cruiser zilizokatwa chasisi na kurefushwa ili zipate safu moja zaidi ya viti; paa zake zimepasuliwa na kufanywa za kuinuliwa ili mgeni asimame amtazame simba; springi zimeongezwa majani, tangi la pili la mafuta limefungwa chini, na mbele pamewekwa chuma kizito cha kukinga taa na rejeta. Kazi hii ni ya mafundi wetu wenyewe, tena ni kazi ya kuheshimika. Wapo waitazamao kwa dharau, wakidhani kwamba ufundi ni ule tu utokao ng'ambo. Hao bila shaka hawajapata kusafiri siku nzima ndani ya gari lililoungwa na mtu anayejua analolifanya.

Hata hivyo, gari likishabadilishwa yako mambo mawili ambayo hubadilika pamoja nalo, na ambayo hayasemwi vya kutosha. La kwanza ni kwamba uzito umehama na kuongezeka, kwa hiyo bolti zilizokuwa zikibeba mzigo wa kadiri sasa zinabeba mwingine. La pili, na hili ndilo zito zaidi, ni kwamba kitabu cha kiwanda hakisemi tena ukweli wote wa gari hilo. Kitabu kinaeleza nati ipi ikazwe kwa nguvu gani na ikaguliwe baada ya mwendo wa kilomita ngapi. Lakini hakina habari ya bolti zilizoshika kipande kipya cha chasisi, wala yubolti ndefu zilizokatwa ili kuzungushia springi zilizoongezwa, wala vyuma vinavyolibeba tangi la pili. Ajuaye habari za vitu hivyo ni fundi aliyevifunga. Fundi huyo akihama, akiugua au akisahau, gari hubaki yatima.

Ndiyo sababu leo tunapenda kuzungumzia jambo dogo sana, ambalo gharama yake haifiki bei ya chakula cha mchana: kuweka alama ya rangi juu ya kila nati na kila sehemu yenye kurekebishwa, ili anayelikagua gari aone kwa jicho kama kitu kimesogea.

Kwanza yafaa tujue kwa nini nati hulegea. Wengi hudhani kwamba nati hulegea kwa sababu haikukazwa sana, na dawa yake ni kuvuta spana kwa nguvu zaidi, pengine kwa kuongezea bomba kwenye mpini. Mambo hayako hivyo. Bolti iliyokazwa sawasawa huwa imevutika kidogo kama mpira, na ni huko kuvutika kwake kunakovibana vipande viwili visiteleze. Mwaka 1969 mhandisi wa Kijerumani, Gerhard Junker, alitoa matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba adui mkubwa wa bolti ni mtikisiko wa kukata ubavuni, yaani vipande vilivyobanwa vinapoteleza huku na huku chini ya kichwa cha bolti. Vikiteleza hata kidogo, mara kwa mara, nati hujifungua yenyewe taratibu bila kuguswa na mkono wa mtu. Majaribio ya namna yake yameonyesha pia kwamba ile washa ya springi tunayoiamini sana haisaidii kitu kikubwa mbele ya mtikisiko wa aina hiyo.

Sasa fikiria barabara ya changarawe iliyopitiwa na magari mengi hata ikajikunja mawimbi kama bati. Kwa saa nyingi kila kiungo cha gari husukumwa kushoto na kulia, mbele na nyuma. Mtu akitaka kujenga mashine ya kufungulia nati, asingeweza kubuni iliyo bora kuliko njia hiyo.

Tuangalie na hesabu kidogo. Bolti ya chuma kigumu yenye kubana unene wa sentimita 4, ikikazwa ipasavyo, huvutika kwa kiasi kisichozidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita. Uzi wa bolti nyingi za gari una hatua ya milimita 1.5, maana yake ni kwamba nati ikizunguka mara moja husogea milimita 1.5. Basi nati ikirudi nyuma kwa nafasi ya saa moja tu katika uso wa saa, yaani sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko, imekwisha kusogea zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na nguvu kubwa ya kubana imepotea. Kwa mkono bado utaiona ngumu. Ukiigonga kwa nyundo huenda ikalia vizuri. Bali kama ulikuwa umechora mstari mwembamba kutoka juu ya nati hadi kwenye chuma kilichobanwa, utauona mstari umekatika, kipande kimoja kimeliacha pengo la saa moja. Jicho la dereva aliyelala chini ya gari na tochi litaona jambo ambalo mkono wake hauwezi kuhisi.

Namna ya kuuweka mstari huo nayo ina adabu zake. Kwanza nati ikazwe kwa spana yenye kipimo, si kwa kukisia. Kwani alama haipimi nguvu, husema tu kwamba tangu siku ile ilipochorwa kitu hakijasogea. Ukiichora juu ya nati iliyolegea, itakuwa shahidi mwaminifu wa ulegevu. Pili, mahali pasuguliwe na pafutwe mafuta, maana rangi juu ya grisi hubanduka kesho yake. Tatu, mstari uwe mwembamba na mnyoofu, upite juu ya nati, uteremke ubavuni, uvuke washa na kufika kwenye chuma chenyewe kisichozunguka. Mafundi wengine hupaka bonge la rangi juu ya nati nzima wakaridhika. Bonge la namna hiyo halionyeshi lolote, kwa sababu nati iliyopakwa yote ikizunguka hubaki vilevile. Nne, kama ni bolti iliyopita na kutokea upande wa pili, chora pande zote mbili, kwani mara nyingine bolti na nati huzunguka pamoja. Na nati ikifunguliwa kwa matengenezo, rangi ya zamani ikwanguliwe kabisa kabla ya kuchora mpya; mistari miwili juu ya nati moja huzua ubishi.

Na je, pachorwe wapi? Mwenye gari la kawaida anaweza kutosheka na nati za magurudumu. Gari lililobadilishwa lahitaji zaidi. Yubolti za springi ndizo za kwanza, kwa kuwa majani mapya ya springi hukaa na kushikana katika siku za mwanzo, rangi iliyopakwa kati yake husagika, na kile kilichokuwa kimebanwa jana leo kina nafasi. Zikilegea, ekseli husogea, bolti ya katikati ya springi hukatwa, na gari huanza kutembea upande kama kaa. Kisha kuna bolti za kiungo cha chasisi, za propela iliyorefushwa, za vikombe vya shokapu, na za mkono wa usukani. Magurudumu nayo yasisahauliwe: ni desturi nzuri kuzikaza upya nati zake baada ya kilomita 50 hadi 100 tangu gurudumu lilipofungwa, na uso wa rimu unaokutana na habu usipakwe rangi kamwe, maana rangi ikisagika nati hubaki bila cha kubana. Wazee wetu wa malori wanakumbuka kwamba magari mengi ya zamani yalikuwa na nati za upande wa kushoto zilizokazwa kinyume, ili gurudumu linapozunguka lisizifungue. Tatizo hili si la jana.

Ziko sehemu nyingine ambazo hazikuumbwa zikae palepale daima, bali zirekebishwe: tairodi zinazopanga magurudumu ya mbele, bolti zinazoinua au kushusha gari kwenye fito za kujipinda, bolti zenye kichwa cha pembeni zinazoegemeza gurudumu ndani au nje, na skrubu ya pampu ya dizeli. Hizi zahitaji alama za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya rangi, kuonyesha kama nati ya kufungia imesogea. Ya pili huwekwa kabla mtu hajagusa kitu: alama ya tindo au ya ncha ya msumari, ionyeshayo sehemu ilikuwa wapi, pamoja na hesabu ya nyuzi zilizojitokeza, au urefu uliopimwa kwa rula na kuandikwa. Fundi anayefungua tairodi bila kuhesabu nyuzi huweza kuirudisha ikiwa imara kama mwamba, na huku gari likila matairi kwa wiki mbili. Kukaza na kupanga ni mambo mawili mbalimbali, na alama moja haitoshi kuyashuhudia yote.

Atakayesema kwamba tunakuza jambo na akumbuke yaliyotokea Uingereza tarehe 10 Mei 2002. Karibu na stesheni ya Potters Bar, kaskazini ya London, treni iliacha reli ilipokuwa ikipita kwenye njia panda ya reli, na watu 7 wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba fito zinazoshikilia reli za njia panda hiyo, ambazo ni fito za kurekebishwa kwa nati, zilikuwa hazimo katika hali yake. Nati zilikuwa zimelegea na nyingine kutoka kabisa. Hiyo ni nchi tajiri yenye wahandisi na wakaguzi wa kulipwa.

Tena tusiipe alama sifa isiyostahili. Tarehe 20 Agosti 2007 ndege aina ya Boeing 737 ya China Airlines iliungua baada ya kutua Naha, katika kisiwa cha Okinawa. Wote 165 waliokuwamo waliokoka. Ilionekana kwamba washa moja haikuwapo kwenye bolti iliyomo ndani ya bawa. Bila washa hiyo bolti na nati yake ziliweza kupenya kwenye tundu, zikaanguka, na baadaye bolti ikalitoboa tangi la mafuta. Hapo hata rangi nzuri kiasi gani juu ya nati isingalisaidia, kwani kosa lilikuwa katika kuunga. Kwa hiyo anayechora mstari lazima kwanza ahakikishe kwamba kila kitu kimo mahali pake, na mkaguzi asione rangi akapita tu.

Tumewasikia mafundi wakinung'unika kwamba kuchora alama ni kama kutoaminiwa. Malalamiko hayo tunayaelewa, ila hatukubaliani nayo. Mafundi wa ndege na wa magari ya mashindano huchora mistari hiyo kila siku, na hakuna awahesabuye kuwa wanagenzi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 katika nchi zetu hizi hizi, na watazamaji wa miaka yote hiyo wamejifunza kwamba matope na mawe hayamjali dereva mwenye jina wala asiye nalo. Tunaloliona sisi ni kwamba alama humlinda fundi. Gari likirudi na hitilafu, mstari usiokatika ni ushahidi wake kwamba kazi aliyoikaza haikuguswa.

Lawama iliyo kubwa zaidi yawaelekea wenye magari. Hutoa mamilioni kurefusha chasisi na kupaka gari rangi ya kuvutia wageni, kisha wakaona ghali kuinunulia gereji spana moja yenye kipimo. Dereva hupewa mafuta, maji ya kunywa na orodha ya majina ya abiria, lakini hapewi karatasi imwonyeshayo bolti zipi alizoongezewa. Maoni yetu ni kwamba gari lolote lililobadilishwa lisikabidhiwe kwa mwenyewe bila vitu viwili: alama katika kila kiungo kilichoguswa, na daftari lenye mchoro wa viungo hivyo, nguvu vilivyokazwa nayo, tarehe, na jina la aliyekaza. Mkaguzi wa polisi wa usalama barabarani naye akilala chini ya gari hilo atakuwa na kitu cha kusoma, badala ya kupapasa gizani.

Ukaguzi wenyewe haumalizi robo saa. Dereva aanze upande mmoja, azunguke hadi aliporudi, asiruke, na kila mstari uliokatika auandike kabla ya kuukaza. Nati iliyosogea mara moja ikazwe na kuchorwa upya. Iliyosogea mara mbili haitaki kukazwa tena. Yataka ifunguliwe, itazamwe uzi wake, bolti yake na tundu lake, kwa maana hapo pana jambo jingine.

Kuhusu rangi, aliyekosa ile ya mafundi anaweza kutumia rangi ya kucha inayouzwa katika kila duka la vipodozi, nayo hukauka mara. Achague nyeupe au ya manjano. Nyekundu haifai, udongo wa Karatu utaifunika kabla gari halijafika langoni.