Mwana wa Kong: Sehemu ya Pili Iliyotengenezwa kwa Pupa

Filamu ya King Kong ilianza kuonyeshwa New York mwezi Machi 1933, na watu wakafurika kwenye kumbi. Kampuni ya RKO iliyoitengeneza ilikuwa taabani kifedha wakati huo, kwa hiyo ikaagiza sehemu ya pili mara moja. Son of Kong ikatoka Desemba mwaka uleule, ikiwa na bajeti isiyofika nusu ya ile ya kwanza. Kwa kazi ya aina hii muda huo ulikuwa mfupi mno. Wanyama wa filamu hizi walikuwa vinyago vidogo vyenye mifupa ya chuma. Fundi wao mkuu alikuwa Willis O'Brien. Kinyago kilisogezwa kidogo, picha ikapigwa, kikasogezwa tena. Sekunde moja tu ya filamu inahitaji picha 24.

Filamu yenye mwendelezo hudaiwa mambo mawili: vitu vionekane vilevile kutoka onyesho moja hadi jingine, na yaliyotokea jana yawe na matokeo leo. Kosa la aina ya kwanza mtazamaji husamehe upesi. King Kong yenyewe inalo: Kong, nyani mkubwa wa kisa hicho, ana urefu wa futi 18 hivi akiwa kisiwani kwao, lakini akifika New York anakuwa wa futi 24, kwa sababu watengenezaji waliona angeonekana mdogo mno kati ya maghorofa. Watu walitazama, wakalia, wakarudi kutazama tena.

Kosa la aina ya pili ndilo linaloumiza. Katika filamu ya kwanza, nguvu yote ya kisa imo katika upweke wa Kong: mfalme wa kisiwa asiye na mwenzake, aliyefungwa minyororo na kuuawa mbali na kwao. Filamu ya pili inamtoa mwanawe, nyani mwenye manyoya meupe na urefu wa futi 12 hivi, bila kusema mama yake ni nani wala alikuwa wapi Kong alipotekwa. Swali hilo halimtokei mhusika hata mmoja. Mtoto mwenyewe anafanya vituko vya kuchekesha, na huzuni ya filamu ya kwanza inageuka mzaha. Ann na Jack, wapenzi ambao kisa kizima cha kwanza kiliwazunguka, hawaonekani kabisa.

Hata hivyo mwandishi wa hadithi, Ruth Rose, aliyeshiriki kuandika ile ya kwanza pia, hakuwa mzembe. Kisa kinaanza mwezi mmoja hivi baada ya kifo cha Kong. Carl Denham, aliyemleta mnyama mjini, amejificha chumbani akiwakimbia wanaomdai fidia ya uharibifu. Hilo ni tokeo halali kabisa la yaliyotangulia, na filamu nyingi za namna hii huliruka. Katika filamu ya kwanza Denham alitaja kwa maneno machache tu kwamba ramani ya kisiwa aliipata kwa nahodha mmoja wa Norway. Sasa nahodha huyo anatokea mwenyewe, kwa jina la Helstrom, tena ni mwovu: anamdanganya Denham kwamba kisiwani kuna hazina, nao wanasafiri kurudi huko. Mabaharia nao wanaasi wakishajua wenzao wangapi walikufa katika safari iliyopita. Denham mwenyewe, aliyekuwa mtu wa kujali umaarufu tu, anamfunga mwana wa Kong kidole kilichojeruhiwa kwa kitambaa, akihisi ana deni kwa familia hiyo. Onyesho hilo dogo ndilo kiungo imara kuliko vyote kati ya filamu hizi mbili, na halikuhitaji fedha nyingi.

Mwisho wa filamu ya pili ndio unaoonyesha haraka waziwazi. Hazina ambayo Helstrom aliizua kwa uongo inapatikana kweli, na papo hapo tetemeko la ardhi linakizamisha kisiwa chote, bila dalili yoyote ya awali, huku mwana wa Kong akimshika Denham juu ya maji mpaka mashua ifike. Baada ya hapo kisa hakikuwa na pa kuendelea. Rose, O'Brien na mwongozaji Ernest Schoedsack waliporudia hadithi ya nyani mkubwa mwaka 1949, katika Mighty Joe Young, walianza na nyani mwingine na kisa kipya.