Miti Ndani ya Duka la Suti

Mwaka 1925, jijini Paris, mzee mmoja aliyeitwa Eugène Atget alikuwa bado anazunguka mitaani na kamera kubwa ya mbao, stendi yake ya miguu mitatu na vibao vya kioo vya kunasia picha. Mzigo huo ungemchosha hata kijana. Zamani alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Baadaye akajishughulisha na kupiga picha za ngazi, milango, maduka na wachuuzi, akiwauzia wachoraji na majumba ya makumbusho.

Kwenye barabara ya Gobelins alisimama mbele ya duka la nguo za kiume. Dirishani sanamu zilikuwa zimevalishwa suti, zimepangwa kama wageni wanaosubiri kupigwa picha. Akapiga. Na tazameni kilichotokea: miti imeota katikati ya suti, na jengo la ng'ambo ya barabara limeingia dukani na madirisha yake.

Miti hiyo ilipitia wapi?

Kioo, wanangu, hakipitishi mwanga wote. Mwanga ukikipiga moja kwa moja, kila uso wa kioo hurudisha kama asilimia 4. Kioo kina uso wa mbele na wa nyuma, kwa hiyo jumla ni karibu asilimia 8. Msiidharau. Mchana nje kuna jua na dukani kuna kivuli, na sehemu ndogo ya mwanga wa jua inatosha kushindana na mwanga wote unaotoka kwenye zile suti. Usiku mambo hugeuka: taa zikiwaka ndani, aliye barabarani huona nguo tu, na mwenye duka akitazama nje hujiona mwenyewe.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kioo hujumlisha mwanga wa ndani na wa nje, lakini giza halina cha kuongeza. Palipoakisiwa anga jeupe, bidhaa hufifia hadi zinapotea. Palipoakisiwa shina jeusi la mti, bidhaa huonekana vizuri. Yaani kitu cheusi kilicho nje hukufungulia njia ya kuona ndani. Simama mchana mbele ya duka lolote la mtaani kwenu ukiwa umevaa shati jeusi, na utaona viatu au vitenge ndani ya umbo la mwili wako. Rudi na shati jeupe: umbo litabaki, vitenge vitafifia.

Atget aliyajua haya kwa macho. Katika picha yake ya mwaka 1908 ya mkahawa uitwao Au Tambour, kamera yake imeonekana kwenye kioo cha mlango, na hapo hapo sura za watu walio ndani zinatutazama. Wapo wanaoziona picha kama hizi kuwa na kasoro. Mimi sikubali. Lile dirisha la Gobelins hakulipiga picha mara moja tu, na mtu hairudii kazi nzito namna ile kwa bahati mbaya. Sanamu hakuweza kuzipanga upya, lakini aliweza kuchagua saa na mahali pa kusimama. Hatua moja kushoto, na mti unahama kutoka koti moja kwenda jingine.

Nanyi mkijaribu kwa simu, kumbukeni umbali. Mti ulio mita 10 mbele ya kioo huonekana kana kwamba uko mita 10 nyuma yake. Ukisimama mita 2 kutoka kwenye kioo, kamera inapaswa kulenga mita 12. Ndiyo maana wakati mwingine vumbi la kioo hutoka safi na mti ukawa ukungu. Gusa skrini pale penye mti, simu ilenge huko. Kisha gusa penye nguo, piga tena, ulinganishe.

Hutaki kuonekana mwenyewe? Simama kwa upande, usikabiliane na kioo. Unataka kuondoa taswira yote ya nje? Gandisha lenzi kwenye kioo kabisa. Ila ukifanya hivyo utapata suti peke yake, na suti peke yake Paris ilikuwa nazo tele.